Nyama iliyokatwa mwilini inavyomfundisha daktari

Mzazi akisikia mwanawe chuoni anasoma patholojia, yaani elimu ya jinsi ugonjwa unavyouharibu mwili, mara nyingi fikra humpeleka mochwari. Si ajabu, kwani fani hii huisikia zaidi kwenye habari za polisi na vifo vya utata. Lakini kwetu Zanzibar maiti huoshwa na kuzikwa mapema, aghalabu siku hiyo hiyo, na kupasua maiti ni jambo la nadra, hasa pale sheria inapotaka. Mwanafunzi wa udaktari wa Unguja au Pemba huijua patholojia zaidi kupitia watu walio hai: tezi iliyotolewa shingoni, kipande cha titi, damu, mkojo, ute wa mlango wa kizazi.

Digrii ya udaktari Tanzania ni miaka 5, ukiacha mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini baada ya kuhitimu. Kwanza husomwa mwili ulio mzima, yaani anatomia, fiziolojia na baiokemia. Kisha huja mikrobiolojia (elimu ya vijidudu), parasitolojia (elimu ya vimelea kama minyoo) na patholojia, na wodi hufuata. Kwa maoni yangu daktari huumbika hapo katikati. Anayekariri majina ya dawa bila kujua kilichoharibika ndani ya seli hufaulu mtihani wa karatasi, halafu hukwama mbele ya mgonjwa wa kwanza ambaye dalili zake hazikuandikwa kitabuni.

Chukua kichocho, ugonjwa ambao visiwa hivi vinaujua vizuri. Cha kwetu ni kile cha njia ya mkojo. Mtoto huingia kwenye maji ya mto au bonde la mpunga, vijidudu vilivyotoka kwa konokono humpenya ngozi, na minyoo ikishakomaa huhamia kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Jike hutaga huko, na mayai hutoboa ukuta wa kibofu ili yatoke na mkojo. Ndiyo maana mtoto hukojoa damu, hasa matone ya mwisho. Minyoo hii iligunduliwa na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, mwaka 1851 alipokuwa akichunguza maiti mjini Cairo.

Maabara, mwanafunzi hufundishwa kuchukua mkojo kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa kuwa ndio wakati mayai hutoka kwa wingi. Mililita 10 hupitishwa kwenye chujio na kutazamwa kwa hadubini: yai la mviringo mrefu, lenye mwiba nchani. Hiyo ni parasitolojia. Halafu sisi walimu wa patholojia tunampa slaidi, yaani kioo chenye kipande chembamba cha ukuta wa kibofu, aone mayai yaliyoshindwa kutoka. Chembe nyeupe za damu zimelizingira kila yai, na yale ya zamani yamezungukwa na kovu na kuingia chokaa. Akiisogeza slaidi kidogo hukuta utando wa kibofu nao umebadilika, seli zake zimekuwa bapa kama za ngozi. Mabadiliko hayo yakiendelea miaka mingi yanaweza kuishia kwenye saratani. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka minyoo hii katika kundi la visababishi vilivyothibitika. Mwanafunzi aliyeiona slaidi hiyo, akija kukutana na mtu mzima anayekojoa damu, atamuuliza utotoni alikuwa akioga wapi.

Picha za slaidi kwenye kompyuta zinatusaidia sana, lakini sikubali zichukue nafasi ya kazi ya mikono. Mwanafunzi lazima aione safari yote ya kipande cha nyama. Kwanza huzamishwa kwenye formalini, dawa ya kuizuia nyama isioze, ya asilimia 10, yenye ujazo usiopungua mara 10 ya nyama yenyewe, ndani ya chupa ya mdomo mpana. Formalini hupenya polepole, takriban milimita moja kwa saa, kwa hiyo uvimbe mkubwa usipochanjwa huharibika katikati huku nje ukionekana salama. Baadaye nyama hukaushwa maji kwa alkoholi, huzamishwa kwenye nta iliyoyeyuka, hukatwa kwa unene wa maikromita (elfu moja ya milimita) 3 hadi 5, na hutiwa rangi: kiini cha seli huwa buluu, sehemu zilizobaki huwa waridi.

Haya si mambo ya wataalamu wa maabara peke yao. Daktari akifanya upasuaji Pemba, kisha akatia nyama kwenye maji ya dripu badala ya formalini, inaanza kuoza kabla meli kutoka Mkoani haijafika bandari ya Malindi, Unguja. Fomu nayo ikiandikwa “uvimbe” tu, bila umri wa mgonjwa, mahali ulipotoka na muda uliokaa, anayeutazama kwa hadubini hukosa nusu ya habari anayoihitaji.

Kwa hiyo ukikatwa uvimbe, hata ukiwa mdogo kama punje ya mchele, muulize daktari kama umepelekwa maabara na uombe namba ya kipimo. Majibu hayatoki siku hiyo hiyo, kwani formalini na nta zinahitaji muda wake, na mara nyingine rangi za ziada huhitajika. Rudi uyachukue hata kama kidonda kimeshapona, na uyahifadhi pamoja na karatasi zako za hospitali, maana daktari atakayekuona miaka ijayo atayahitaji.