Je, wajua kwa nini aliyeokolewa na naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga wa heroini, huamka na hasira?

Unga umemzidi mtu: midomo imebadilika rangi, pumzi zinakatika. Anapuliziwa naloksoni puani au anachomwa sindano, na baada ya dakika chache anafumbua macho. Ungedhani atashukuru. Wapi! Anatapika, anatetemeka, na pengine anamtukana aliyemwokoa.

Dawa imemdhuru? Kwa sehemu kubwa, hapana. Heroini, mofini na wenzao wa jamii ya afyuni hukalia vipokezi vya ubongo kama abiria waliokalia viti vya daladala. Naloksoni hupanda, ikawanyanyua, ikakaa yenyewe bila kufanya kazi yoyote. Pumzi hurudi. Lakini mwili uliozoea unga kila siku umenyang'anywa ghafla, na arosto, yaani mateso ya kukosa unga, ambayo ingekuja taratibu kwa saa kadhaa inamshukia kwa dakika: jasho, kamasi, malaika kusimama, kuharisha, misuli kuuma, moyo kwenda mbio, presha kupanda. Asiye na dawa hizo mwilini akipewa naloksoni, kwa kawaida hahisi kitu.

Kipimo kikiwa kikubwa, arosto nayo huwa kali. Ndiyo maana hospitalini wengi huanza na kidogo, miligramu 0.4 au hata pungufu kwenye mshipa, wakiongeza mpaka mgonjwa apumue vizuri, si mpaka asimame. Kichupa cha puani kinachouzwa Marekani bila cheti cha daktari tangu 2023 hutoa miligramu 4 kwa mpulizo mmoja. Ni nyingi, ila mtaani hakuna wa kupima kidogo kidogo.

Mara chache mapafu hujaa maji au mapigo ya moyo huvurugika. Matapishi nayo yanaweza kumpalia, hivyo alazwe ubavu.

Kinachonitia hofu zaidi si hayo. Naloksoni hushuka garini mapema, baada ya dakika 30 hadi 90, na abiria iliowanyanyua bado wamesimama humo humo. Wanakaa tena, pumzi zinazama upya. Kwa methadoni, nayo ya jamii ya afyuni, inayotolewa Muhimbili tangu 2011 kwa wanaoacha unga, hatari hiyo ni kubwa kwa kuwa hudumu mwilini zaidi ya siku. Na mwenye arosto hutamani kuituliza kwa kete nyingine. Akiivuta wakati viti vimekaliwa, hataisikia. Itangoja naloksoni ishuke.