Kisanduku Cheusi Kimepatikana, Mbona Hamtuambii?

Ndege ikianguka, siku ya tatu mambo huwa ni yaleyale. Kisanduku cheusi kimepatikana, picha zake zimezagaa, na kabla ya magharibi kundi la WhatsApp limeshatoa hukumu: wanajua kilichotokea, ila wanaficha. Kikisafirishwa Ufaransa hukumu inakazwa zaidi: wamekipeleka kwa wazungu kikafutwe. Yalisemwa haya baada ya ajali ya Bukoba, yalisemwa baada ya ndege ya Ethiopia iliyokuwa ikija Nairobi, na yamesemwa tena baada ya ajali ya Ahmedabad, India. Nimechoka kuyajibu moja moja kwenye simu, kwa hiyo nayajibu hapa kwa mkupuo.

Nianze na mepesi. Kwa kawaida vinasa, ndivyo hivyo mnavyoviita visanduku vyeusi, ni viwili, na ni vya rangi ya chungwa. Kimoja hunasa sauti za chumba cha marubani, saa mbili za mwisho kwa ndege nyingi zinazoruka leo. Kingine hunasa mwenendo wa ndege kwa saa 25. Ndani hakuna faili la kubofya ukasikiliza. Kinasa kilichotoka majini hakianikwi juani wala hakijaribiwi kwa umeme. Kinasafirishwa kikiwa kimezamishwa kwenye maji safi. Maabara wanakifungua, wanaisuuza bodi ya kumbukumbu, wanaikausha taratibu kwa joto dogo, wanapima viunganisho vyake, ndipo wanaisoma. Ukipitisha umeme kwenye bodi yenye unyevu unaweza kuiunguza, na nakala nyingine hakuna. Data ikishatoka ni mlolongo wa namba tupu. Bila hati inayoeleza biti hizi ni za usukani na zile ni za pembe ya pua, na namna ya kuzigeuza ziwe futi na nyuzi, huna kitu.

Maabara zenye uwezo huo si nyingi. Mwaka 2019 Wajerumani waliombwa kusoma vinasa vya ET302, ile ndege ya Ethiopia, wakasema hawana programu ya modeli hiyo mpya, Boeing 737 MAX. Ndipo vikaenda BEA, wachunguzi wa ajali wa Ufaransa. BEA wakatangaza hadharani kwamba wameitoa sauti na kuwakabidhi Waethiopia bila kuisikiliza. Tangazo hilo sikuliona likisambazwa kwenye kundi lolote.

Na Caravan? Hiyo Cessna ndogo inayokupeleka mbugani au Mafia mara nyingi haina kinasa hata kimoja, na sheria haijavunjwa: uzito wake wa juu wa kuruka haufiki tani 4, ilhali masharti makuu ya vinasa yanaanzia tani 5.7. Mchunguzi anabaki na kadi ya GPS, simu za abiria, rada kama ilifika huko, namna mapanga ya propela yalivyopinda (injini iliyokuwa ikivuta huyapinda tofauti na iliyozima), na nyuzi za balbu za taa za tahadhari. Kuuliza "kisanduku kiko wapi" hapo ni kupoteza pumzi.

Sasa sauti. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, yaani kanuni za kimataifa za kuchunguza ajali za ndege, kifungu cha 5.12, kinazilinda sauti za marubani, maelezo ya mashahidi na taarifa za kitabibu zisitumike nje ya uchunguzi, isipokuwa mamlaka husika ipime na kuona kwamba faida ya kuzitoa inazidi hasara. Marekani huchapisha maandishi ya mazungumzo ya marubani, lakini sauti yenyewe sheria yao inawakataza kuitoa. Sababu si huruma kwa marubani. Fundi, mwongoza ndege na rubani aliyenusurika watakueleza ukweli kama wanajua maneno yao hayataishia redioni kesho asubuhi. Wakijua yataishia huko, watakuja na wakili na utapata "sikumbuki" tatu mfululizo. Tena kinasa chenyewe ni rahisi kukipoteza: Januari 2024, ile 737 ya Alaska Airlines iliyochomoka paneli ya mlango angani ilitua salama, lakini hakuna aliyevuta sakiti breka ya kinasa sauti kwa wakati. Kikaendelea kurekodi juu ya yaliyokuwapo, na sauti ya tukio lote ikafutika. Hakuna aliyeficha kitu hapo.

Kwa hiyo nikisikia mtu anadai sauti, namwambia anadai kitu kisicho chake, huku akiviacha vilivyo vyake. Hapa ndipo naudhika na pande zote mbili, kwa sababu mamlaka nazo zinapenda sana kujificha nyuma ya sentensi moja: "Uchunguzi ukikamilika taarifa itatolewa." Hiyo ni nusu ya sheria. Someni nusu ya pili.

Ripoti ya awali inatakiwa ndani ya siku 30. Wengi wanadhani siku 30 hizo ni za kuichapisha. La. Ni za kuituma kwa nchi zinazohusika na kwa Shirika la Usafiri wa Anga la Kimataifa, ICAO; kuichapisha ni hiari ya nchi. Ripoti ya mwisho ndiyo ambayo lazima iwe wazi kwa umma, haraka iwezekanavyo, na ikiwezekana ndani ya miezi 12. Hilo "ikiwezekana" ni mlango mpana na wengi wamepitia hapo. Lakini ikishindikana, nchi inapaswa kutoa taarifa ya wazi kila ajali inapotimiza mwaka, ikieleza uchunguzi umefika wapi na masuala gani ya usalama yamejitokeza. Kila mwaka, hata kama habari ni kwamba maabara bado haijajibu. Sijawahi kumwona mwanasiasa wetu akisimama bungeni kuuliza taarifa hiyo ya kila mwaka iko wapi. Anauliza kisanduku.

Na msiniambie nchi zetu haziwezi. Ndege ya Lion Air ilianguka bahari ya Java tarehe 29 Oktoba 2018. Waindonesia walitoa ripoti ya mwisho tarehe 25 Oktoba 2019, siku nne kabla ya mwaka kutimia, na ndani yake wamegusa kila mtu: muundo wa ndege, matengenezo, marubani. Ethiopia, kwa ajali ya Machi 2019 ya modeli ileile, ilitoa ya awali ndani ya mwezi, ya muda Machi 2020, na ya mwisho tarehe 23 Desemba 2022.

Hiyo ya Ethiopia inafaa kusomwa na kila anayesema "wameficha", kwa sababu inaonyesha mahali ugomvi wa kweli hutokea. Rasimu ya ripoti ya mwisho hupelekwa kwa nchi zilizoshiriki, nazo zina siku 60 za kutoa maoni. Nchi inayochunguza ama inairekebisha rasimu, ama inayaambatisha maoni hayo kwenye ripoti, mwenye maoni akitaka. Kuyasukuma pembeni hairuhusiwi. Wamarekani walilalamika kwamba maoni yao ya mwisho hayakuambatishwa, na kwamba ripoti iliyotoka ilikuwa na mambo ambayo hawakuyaona kwenye rasimu. Wakayachapisha wenyewe siku chache baadaye. Wafaransa nao wakafuata. Hawakubisha kwamba MCAS, mfumo wa kompyuta wa ndege hiyo, uliisukuma pua chini. Walibisha kuhusu kilichoharibu kihisi kinachopima pembe ya ndege dhidi ya upepo: Waethiopia walisema hitilafu ya umeme, Wamarekani wakasema kiligongwa na kitu, huenda ndege wa angani. Walisema pia kwamba utendaji wa marubani na maandalizi yao haukuchambuliwa vya kutosha.

Nani mkweli? Nikilazimishwa, ushahidi wa kihisi kugongwa naona una nguvu zaidi. Lakini aliyetengeneza ndege ni Mmarekani, mwenye shirika la ndege ni serikali ya Ethiopia, na wote wawili walikuwa na cha kulinda. Washauri wa mtengenezaji huingia kwenye uchunguzi kupitia mwakilishi wa nchi yao. Ni kumkabidhi fisi bucha, najua, ila bila fisi huyo hakuna anayezijua biti nilizozitaja juu. Vitabu vya mafunzo vinasema utaratibu huu unajisawazisha wenyewe. Mimi sina hakika hiyo. Kinachosaidia ni viambatisho: ripoti yenye maoni ya wapinzani nyuma yake naiamini zaidi kuliko ripoti safi isiyopingwa na mtu.

Uwazi wa nusu nao una madhara yake. Ripoti ya awali ya Air India 171, iliyoua watu 260 tarehe 12 Juni 2025, ilisema swichi za mafuta zilihama kutoka kuwaka kwenda kuzima zikipishana sekunde moja, kisha ikasimulia kwamba rubani mmoja alimuuliza mwenzake kwa nini amekata, naye akajibu hakukata. Nani aliuliza, nani alijibu, haikusema. Haikuweka maneno yenyewe. Dunia ikamaliza kesi kwa sentensi mbili. Ningependelea wangeweka kipande hicho chote kwa maneno yake na kwa saa yake, au wangekiacha hadi mwisho. Ingawa nakubali, wangekiacha, kingevuja, na tungekuwa hapahapa.

Kwetu shaka yangu kubwa ni mahali mchunguzi anapokaa. Kiambatisho kinataka mamlaka ya uchunguzi iwe huru na wasimamizi wa usafiri wa anga. Kenya na Tanzania wachunguzi wamezoea kukaa ndani ya wizara inayohusika na uchukuzi. Wanatenganishwa na msimamizi, sawa, lakini juu kabisa bosi ni mmoja: waziri yuleyule mwenye viwanja vya ndege, waongozaji ndege na shirika la taifa. Mtu mwadilifu anaweza kufanya kazi nzuri humo. Raia hana namna ya kujua kama ameachwa aifanye.

Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 ya Precision Air ilitumbukia ziwani ikiwa na watu 43. 19 wakafa, na wavuvi ndio waliowahi kufika. Ukisoma ripoti ya mwisho ya ajali ya namna hiyo, usikimbilie kifungu cha 1.11, vinasa. Nenda 1.15, masuala ya kunusurika: boti ilifika dakika ya ngapi, ikiwa na vifaa gani, nani alitoa amri. Kisha 1.17, uendeshaji wa taasisi. Kisha sehemu ya nne, mapendekezo ya usalama. Kila aliyepelekewa pendekezo kutoka nchi nyingine ana siku 90 za kujibu amefanya nini, au kwa nini hatafanya. Majibu hayo mara nyingi hulala kwenye mafaili, kwa hiyo mwandishi wa habari anayetaka kuitoa jasho wizara apige simu na kuuliza pendekezo namba fulani lilitumwa tarehe ngapi, kwa nani, na jibu lilirudi lini.