YWCA: Yasemwayo Malindi na Yalivyo Hasa

Uliza nje ya kanisa hapa Malindi YWCA, yaani Chama cha Kikristo cha Wanawake Vijana, ni nini, utaambiwa ni hosteli ya wasichana. Binti akipata chuo Nairobi, swali la mama ni moja: kitanda kipo?

Kitanda hakikuja baadaye. Mwaka 1855, huko Uingereza, Emma Robarts alianzisha kikundi cha maombi cha wasichana. Mwaka huohuo Mary Jane Kinnaird akafungua nyumba London kwa wauguzi wa vita vya Krimea. Kazi hizo mbili hazikuwa kitu kimoja. Ziliungana 1877, na tangu hapo sala na malazi vimekwenda pamoja.

Wengine husema ni tawi la wanawake la YMCA, chama cha Kikristo cha vijana wa kiume. Sivyo. YMCA ilianzishwa 1844 na George Williams, na kila chama kina uongozi wake. Hushirikiana, kama katika wiki ya maombi ya kila Novemba.

"Ni mambo ya Wazungu." Shirikisho la dunia liliundwa 1894 na nchi nne: Uingereza, Marekani, Norwe na Uswidi, basi mwanzoni neno hilo lilikuwa kweli. Lakini Kenya imo tangu 1912. Musimbi Kanyoro, Mkenya, alikuwa katibu mkuu wa dunia kuanzia 1998 hadi 2007, na mwaka huo wa 2007 mkutano mkuu ulifanyika Nairobi, Ukimwi ukiwa ajenda kubwa.

Dhana inayovunja vikundi vingi ni hii: Geneva, yaliko makao makuu tangu 1930, hutuma pesa kwa anayeomba. Mambo huenda kwa ngazi. Mwanachama wa shirikisho ni chama cha taifa, nacho hulipa ada kwenda juu. Kikundi cha Malindi kinachotaka kujiunga kianze kwa kujisajili hapa hapa: watu wasiopungua 10, katiba, kumbukumbu za kikao cha kwanza, na orodha ya majina na nambari za vitambulisho, vipelekwe ofisi ya maendeleo ya jamii. Aliye chini ya miaka 18 hana kitambulisho, kwa hiyo msimhesabu katika wale 10. Mkimhesabu, fomu ya usajili inaweza kurudishwa. Jina la YWCA msilichape kwenye fulana kabla chama cha taifa hakijawakubali.

Je, Mwislamu anaweza kujiunga? Msingi ni wa Kikristo, usiofungwa na dhehebu moja, ila katika nchi nyingi wanawake wa dini nyingine wamo.

Na "ni chama cha akina mama wazee"? Katiba ya dunia inataka angalau asilimia 25 ya viongozi wawe na miaka 30 au chini. Kwenye karatasi ni rahisi: msichana hupewa ukatibu. Kikao kikianza yeye ndiye aliyeinamia daftari akiandika, na kitabu cha benki kimo mkobani mwa mama mwenyekiti. Mwandikeni awe mmoja wa watia sahihi wa benki, na awepo siku akaunti inapofunguliwa. Kumwongeza baadaye kunahitaji kikao kingine na kumbukumbu zake.