Bingwa wa dunia wa kriketi ya siku tano: hesabu ya mpanga ratiba

Juni 14, 2025, Temba Bavuma, kepteni wa Afrika Kusini, aliinua rungu kwenye uwanja wa Lord's, London. Ndiyo, rungu. Bingwa wa kriketi ya testi, yaani ile ya siku tano baina ya nchi, hapewi kombe, na kwa sisi tuliokulia Kenya ya miaka ya themanini, kiongozi mwenye rungu si jambo geni. Katika fainali Afrika Kusini ilikuwa imeishinda Australia kwa wiketi 5 (wapigaji wake watano walikuwa bado hawajatolewa), Aiden Markram akipiga mikimbio 136, ambayo ndiyo hesabu ya mabao ya kriketi, katika kuwinda lengo la 282. Simu yangu ililia mchana kutwa. Nusu ya jumbe zilikuwa za pongezi, kana kwamba ni mimi niliyepiga. Nusu nyingine ziliuliza jambo moja: hawa wamekuwaje mabingwa wa dunia bila kukutana na Uingereza hata mara moja?

Ni swali la haki, tena ni la kazi yangu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikipanga ratiba za ligi ya kriketi hapa Nairobi: timu nyingi, viwanja vichache, na simu ya Ijumaa usiku kutoka kwa kepteni anayeapa kwamba nusu ya wachezaji wake wana harusi kesho. Kazi hii imenifunza kwamba jedwali la ligi halina akili yake. Ukililisha mechi za ovyo, litakutapikia bingwa wa ovyo, na kwa desimali mbili.

Wengi hudhani kikwazo cha ubingwa wa testi ni urefu wa mchezo. Siku tano, kila timu ikipiga mara mbili, kisha pengine sare. Zamani palikuwa hata na testi zisizo na ukomo. Ile ya Durban ya Machi 1939 ilianza tarehe 3 na kufikia tarehe 14. Uingereza ilihitaji mikimbio 696, ikafika 654 huku wiketi 5 tu zikiwa zimeanguka, halafu mechi ikavunjwa kwa sababu meli ya kuwarudisha kwao ilikuwa ikiwasubiri Cape Town. Mikimbio 42 ilibaki pale uwanjani. Kila kepteni anaponilalamikia kwamba mechi yake imeishia gizani, mimi humsimulia hiyo.

Lakini tupige hesabu. Mashindano ya sasa yana timu 9. Tuseme kila timu ikutane na kila nyingine, mechi tatu tatu. Hizo ni jozi 36, mechi 108, na kila timu inacheza 24 kwa miaka miwili. Ni nyingi? Uingereza ilicheza 22 katika mzunguko wa 2023 hadi 2025 bila mtu kuwalazimisha. Kwa hiyo siku zipo. Kalenda si adui.

Njia ya pili, ya kukusanya timu zote nchi moja kama Kombe la Dunia, ilijaribiwa mwaka 1912. Tajiri wa migodi wa Afrika Kusini, Abe Bailey, ndiye aliyeibuni: Uingereza, Australia na Afrika Kusini, testi 9 katika kiangazi kimoja cha Uingereza. Mvua ikanyesha bila huruma. Australia wakaja bila wachezaji wao sita wakubwa, waliokuwa wamegombana na bodi yao. Afrika Kusini haikushinda hata mechi moja. Watazamaji wakachoka kutazama timu mbili za wageni zikichezeana, na wazo likalala karne nzima. Sidhani hata leo njia hiyo ingefaa, maana utamu wa testi ni kwenda kwa mwenyeji na kuteseka kwenye pichi yake.

Tatizo lenyewe liko kwingine: katika testi, hakuna mpanga ratiba. Bodi ya nchi moja huialika ya nchi nyingine, zinakubaliana wao kwa wao idadi ya mechi, mapato ya televisheni yanabaki kwa mwenyeji. Ubingwa ulioanza 2019 uliwekwa juu ya mialiko hiyo kama kitambaa juu ya meza mbovu. Kila timu hucheza na wapinzani 6 kati ya 8, watatu nyumbani na watatu ugenini, kwa mifululizo ya mechi 2 hadi 5, na baada ya miaka miwili timu mbili za juu ya jedwali hukutana fainali. India na Pakistan hazijacheza testi baina yao tangu Desemba 2007, na hakuna anayetarajia jedwali liwalazimishe.

Mwanzoni kila mfululizo ulikuwa na alama 120. Kwa hiyo ushindi mmoja katika mfululizo wa mechi mbili ulikuwa na alama 60, na ushindi uleule katika mfululizo wa mechi tano alama 24. Mimi ningewapa kepteni wangu ratiba ya hivyo, wangeninyang'anya kalamu. Corona ilipofuta mechi, ICC, baraza la kriketi la dunia, ikahamia kwenye asilimia ya alama ulizopata kati ya zile ulizoweza kupata. Mzunguko uliofuata, kila ushindi ukawa alama 12 na sare alama 4. Hapo nawapa heko. Ndiyo dawa pekee ya ratiba isiyolingana.

Ila asilimia husawazisha idadi ya mechi. Uzito wa wapinzani haiugusi. Katika mzunguko wa 2023 hadi 2025 Afrika Kusini ilicheza mechi 12: ikashinda 8, ikapoteza 3, sare 1. Alama 100 kati ya 144, asilimia 69.44, nafasi ya kwanza. Mifululizo yote sita ilikuwa ya mechi mbili mbili, na Uingereza na Australia hawakuwamo. Februari 2024 walipeleka New Zealand kikosi cha akiba, kepteni Neil Brand akicheza testi yake ya kwanza kabisa, kwa sababu wakali wao walikuwa na mikataba ya ligi ya nyumbani ya T20, kriketi fupi ya saa chache. Wakachapwa mechi zote mbili. Na bado wakawa mabingwa! Siwalaumu. Walicheza walichopangiwa, na fainali waliishinda kihalali. Bodi ikiona mechi za T20 zinalipa mishahara na testi inakula hasara isipokuwa akija mgeni mwenye watazamaji, itachagua nini?

Asilimia pia hukata kwa wembe. Desemba 2020 huko Melbourne, Australia ilinyang'anywa alama 4 kwa kuchelewesha ova, yale mafungu ya mipira sita ya kurusha. Bila adhabu hiyo wangelingana na New Zealand kwa asilimia 70 kamili. Badala yake New Zealand ndiyo iliyokwenda fainali Southampton mwaka 2021, ikaishinda India kwa wiketi 8 katika siku ya sita, ile ya akiba, baada ya mvua kumeza siku mbili nzima. Na ICC imeshaamua fainali za 2027, 2029 na 2031 zibaki Uingereza.

Kwa hiyo inawezekana kila timu ikutane na kila nyingine? Ninajua inawezekana kwa sababu Kenya ilishacheza mashindano ya aina hiyo. Kombe la Intercontinental lilianza 2004, kriketi ya siku tatu, baadaye nne, kwa nchi zisizo na hadhi ya testi. ICC yenyewe ndiyo iliyopanga nani acheze na nani. Uganda na Kenya zilikuwa kundi moja na Namibia. Mwaka 2005 Kenya ilifika fainali Windhoek, ikafungwa na Ireland. Mzunguko wa 2007 hadi 2008 ulikuwa na timu 8, na kila moja ilikutana na kila nyingine. Zote! Kitu ambacho wakubwa hadi leo hawajakiweza.

Mzunguko wa mwisho uliisha 2017, bingwa akiwa Afghanistan. Mwaka huohuo Ireland na Afghanistan zikapewa hadhi ya testi. Sasa wanacheza testi wakialikwa, moja hapa, moja pale, na hakuna hata moja inayohesabiwa kwenye jedwali la ubingwa.