Kilio baada ya kuagana si sababu ya kufuta ziara

Mtoto aliye katika malezi ya kambo, yaani anayelelewa kwa muda na familia isiyo yake, akilia baada ya kuonana na ndugu zake, kilio hicho si ushahidi kwamba ziara imemdhuru. Nalisema tena kwa sababu walezi wema kabisa, na wakati mwingine maafisa ustawi wa jamii wenzangu, huniletea hoja ileile: akitoka kuwaona hali chakula vizuri siku mbili, basi aachwe azoee. Huyo analilia kuagana, na anayenitia wasiwasi zaidi ni yule asiyelia hata kidogo.

Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inataka ndugu walioshikamana wasitenganishwe, isipokuwa pana hatari dhahiri ya ukatili au sababu nyingine yenye maslahi kwao, na wakitenganishwa wasaidiwe kuendelea kuwasiliana, ila kama hawataki au mawasiliano hayo hayawafai. Hapo sina la kuongeza.

Linaloniudhi ni ziara kugeuzwa zawadi ya tabia njema. Mtoto amekaidi, basi Jumamosi haendi kumwona mdogo wake; na mdogo wake, ambaye hakukosa lolote, ameketi kibarazani tangu asubuhi, viatu vikiwa mguuni. Ziara ni haki yao wote wawili, na mlezi anayetaka kuadhibu atafute kitu kingine.

Simu nayo isitegemewe mno. Mtoto wa miaka minne ataamkia, kisha atanyamaza, na mtu mzima ataandika kwenye jalada kwamba hawana ukaribu. Wakutanisheni penye shughuli, iwe kuchambua mchicha au kucheza mpira. Nimewahi kumwona msichana akimkagua mdogo wake kichwani kama ana mapunye, kwa utulivu kabisa, bila neno. Taarifa ya siku hiyo ilisema hawakuzungumza.

Wapo pia wanaotaka dada aliyezoea kulea wadogo atenganishwe nao ili apumzike. Kwa maoni yangu apunguziwe kazi kidogo kidogo na mlezi anayemwamini, kwani kuwaondoa wadogo humwachia wasiwasi uleule bila njia ya kuutuliza.

Ugumu wangu ni pale kaka anapompiga mdogo wake, na mdogo bado anamtaka. Ziara yenye msimamizi huzuia kipigo, lakini sijui kwa hakika kama huzuia hofu, na vitabu nilivyosomea havikunisaidia kujua lini niseme basi.