Uzito wa neno adimu: deni langu kwa Karen Spärck Jones

Mtambo wa kwanza wa kutafutia niliowahi kuutengeneza ulinitia aibu mbele za watu. Nilikuwa nimekabidhiwa makala za gazeti la zamani, zimeshapigwa skana na kugeuzwa maandishi, nikaambiwa niweke kisanduku cha kutafutia. Siku ya kuonyesha kazi nikaandika "magonjwa ya mtama". Ikaja juu kabisa hotuba ya ufunguzi wa daraja. Mtama haumo, magonjwa hayamo. Ila "ya" ilikuwemo mara mia na kitu, na kompyuta, kwa uaminifu wake wote, ilikuwa imeihesabu kila moja.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa programu. Nilikuwa nimeukuta kwenye vitabu bila kujiuliza ni wa nani. Baadaye ndipo nikajua kwamba una mwenyewe, na kwamba mwenyewe hakuanzia kwenye hesabu wala kwenye kompyuta.

Karen Spärck Jones alizaliwa mwaka 1935 huko Huddersfield, Uingereza, baba Mwingereza, mama Mnorwei. Alisoma historia katika chuo cha Girton, Cambridge, akamalizia na mwaka mmoja wa falsafa. Akafundisha shule kwa muda mfupi. Kisha akaingia kwenye kikundi kidogo cha utafiti wa lugha pale Cambridge, kilichoongozwa na Margaret Masterman, mwanafalsafa aliyekuwa na imani kwamba mashine inaweza kutafsiri lugha ikiwa tu itajua maana za maneno. Hiyo ni miaka ya 1950, kompyuta inajaza chumba na data inatobolewa kwenye kadi.

Swali walilompa lilikuwa la mtu wa lugha hasa: mashine itajuaje kwamba maneno mawili yana maana moja? Jibu lake, katika tasnifu ya udaktari ya mwaka 1964, lilikuwa kutoitafuta maana ndani ya neno lenyewe. Tazama ni maneno gani yanaweza kukaa mahali pake katika sentensi ileile bila sentensi kuharibika, yaweke safu moja, halafu iachie mashine ikusanye safu zinazofanana. Tasnifu hiyo ilikuja kuchapishwa kama kitabu mwaka 1986. Miaka ishirini na miwili! Kompyuta za wakati wake hazikuwa na ubavu wa kuifanya kazi aliyoieleza.

Lakini kilichoniokoa mimi ni makala yake ya mwaka 1972, kurasa kama kumi tu, katika jarida la wataalamu wa maktaba na nyaraka. Hoja yake unaweza kuieleza kwa mtu aliyesimama kituoni akisubiri basi: neno linalopatikana katika nyaraka nyingi halikusaidii kuchagua, neno linalopatikana katika chache ndilo lenye kazi. Basi lipe kila neno uzito kulingana na uadimu wake.

Tuifanye hesabu hiyo kwa mkono. Chukua makala 1,024. "Ya" imo katika zote. "Magonjwa" limo katika 128. "Mtama" limo katika 8. Sasa jiulize: nizigawe 1,024 nusu kwa nusu mara ngapi hadi nifike kwenye idadi ya makala zenye neno hilo? Kwa "ya", sifuri, maana tayari nimefika. Kwa "magonjwa", mara 3. Kwa "mtama", mara 7. Idadi hiyo ya kugawa nusu kwa nusu ndiyo wanahesabu wanaiita logi, na ndiyo uzito wa neno. Makala fupi iliyotaja mtama mara mbili inapata 14. Hotuba ya daraja yenye "ya" mia moja inapata mia moja mara sifuri. Kwaheri daraja.

Spärck Jones mwenyewe aliongeza 1 juu ya kila uzito, hivyo neno lililo kila mahali lilibaki na kauzito kidogo. Na kule kuzidisha kwa idadi ya mara neno linavyojirudia ndani ya makala kulitoka kwa wengine, hasa Gerard Salton na wenzake wa Cornell, Marekani. Mwaka 1976 Spärck Jones na Stephen Robertson waliisogeza hoja mbele kwa nadharia ya uwezekano, na kutoka katika ukoo huo ikazaliwa kanuni ya kupanga matokeo iitwayo BM25. Lucene, programu huria iliyomo ndani ya mitambo mingi ya kutafutia, huitumia kama chaguo lake la kawaida. Yaani ukitafuta kitu kwenye duka la mtandaoni au kwenye katalogi ya maktaba, kuna uwezekano mkubwa kwamba hesabu yake inapita chini kwa chini.

Kwa kazi ya namna hiyo ungedhani Cambridge ilimpa kiti mapema. La. Hadi miaka ya 1990 aliishi kwa mikataba mifupi mifupi na fedha za miradi, na uprofesa ulimfikia mwaka 1999, akiwa ameshapita miaka sitini. Mumewe, Roger Needham, naye mwanasayansi wa kompyuta, alikuwa mkuu wa maabara ya kompyuta ya chuo hichohicho. Haishangazi kwamba mama huyu alikuwa akisema kazi ya kompyuta ni muhimu mno kuachiwa wanaume. Alifariki Aprili 2007.

Sasa nirudi kwenye makala zangu, maana Kiswahili kina vituko ambavyo kanuni ile haikuandikiwa. Mashine inaona "kupanda", "hupandwa", "walipanda" na "tutakapopanda" kama maneno manne yasiyojuana. "Tutakapopanda" lilitokea katika makala moja tu, kwa hiyo likapewa uzito wa 10, mkubwa kuliko wa mtama wenyewe, kama vile ni lulu. Sio adimu hata kidogo. Limevaa viambishi tu. Ikabidi niandike programu ya kuyavua maneno viambishi kabla ya kuyahesabu, nayo ilinila miezi.

Na ukishayavua, unakutana na swali la maana, lile la tasnifu ya 1964, likikusubiri mlangoni. Wiki iliyopita niliandika neno moja tu, "paa". Makala ya kwanza ilihusu mabati, ya pili wanyama wa porini, ya tatu bei za sukari zilizopaa, na chini kidogo kulikuwa na mtu anaeleza jinsi ya kupaa samaki magamba. Nilikaa nikiitazama orodha ile. Kisha nikaongeza neno la pili, "porini", mabati yakashuka na wanyama wakapanda juu.