Mlali ipi? Kapteni Bloomfield, nishani yake na kaburi lake

Mkoa wa Dodoma una Mlali yake, wilayani Kongwa. Mlali nyingine iko Mvomero, mkoani Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Kufanana huko kwa majina huwapoteza wengi wanaofuatilia habari za Kapteni William Anderson Bloomfield, aliyetunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, kwa alichofanya Mlali tarehe 24 Agosti 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walipopigana na Wajerumani waliotawala nchi hii. Ni Mlali ya Morogoro.

Tarehe zenyewe zinatosha kuthibitisha. Jeshi la Jenerali van Deventer, Mwafrika Kusini aliyepigana upande wa Waingereza, liliingia Kondoa Irangi Aprili 1916, likafika Dodoma mwishoni mwa Julai, kisha likafuata reli kwenda mashariki: Mpwapwa, halafu Kilosa tarehe 22 Agosti. Siku mbili baadaye Kongwa ilikuwa nyuma kabisa ya mapigano. Askari wa farasi wa Afrika Kusini waliopigana Mlali walitokea kaskazini, wakitaka kuwazibia njia Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma. Mji wa Morogoro ulitekwa tarehe 26.

Bloomfield, mzaliwa wa Edinburgh, aliongoza wapelelezi walioshika sehemu ya mbele, mbali na wenzao. Walishambuliwa vikali, na adui akaanza kuwazunguka ubavuni. Aliondoa majeruhi kwanza, kisha askari wake, naye akawa miongoni mwa wa mwisho kuondoka. Walipofika sehemu mpya ikabainika kwamba majeruhi mmoja, Koplo Bowker, ameachwa. Katikati palikuwa na yadi 400 za uwanda mtupu, kama mita 366, adui akiona kila kitu. Ni zaidi ya viwanja vitatu vya mpira vilivyopangwa kwa urefu. Bloomfield akaenda mwenyewe chini ya risasi za bunduki na bombomu (bunduki za rashasha), akamfikia Bowker, akarudi njia ileile akiwa amembeba. Kurudi ndiko kunakostahili kutazamwa zaidi: aliyebeba mtu hawezi kukimbia, kulala chini wala kujibu risasi.

Nishani yenyewe ni msalaba wa shaba nyeusi, upana wake kama milimita 35, wenye utepe mwekundu uliokoza. Jina la mwenyewe, cheo na kikosi huchorwa nyuma ya kipande kinachoshika utepe; tarehe ya tendo huchorwa nyuma ya msalaba, katikati. Kwa hiyo picha ya upande wa mbele peke yake haithibitishi lolote.

Kaburi lake usilitafute Dodoma, wala katika rejista ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kwa vita ile, Tume huorodhesha waliofariki kati ya tarehe 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921. Bloomfield alinusurika, akafariki mwaka 1954, akazikwa Ermelo, Afrika Kusini. Hapa ndipo watafutaji hukwama: huanza na tarehe ya ushujaa badala ya tarehe ya kifo.

Ukizuru makaburi ya vita hapa Dodoma, kumbuka pia kwamba baada ya vita makaburi mengi ya porini yalihamishiwa kwenye maeneo makubwa ya maziko. Jiwe hukuambia nani na lini. Usidhani kwamba alifia pale pale. Kama lina vumbi, tumia maji na brashi laini. Jiki na brashi ya waya hula herufi, na chaki ya kukolezea maandishi ikishaingia kwenye vitundu vya jiwe haitoki kirahisi.

Wapagazi, waliobeba vyakula na risasi za majeshi yote mawili, walikufa kwa makumi ya maelfu, hasa kwa maradhi na njaa, na wengi hawana jiwe lenye jina. Kwa hiyo ukikuta mawe yaliyopangwa shambani, usichimbe. Waulize wazee wa kijiji, piga picha kutoka pande zote, andika mahali palipo kwa kutumia simu, kisha mpelekee taarifa mtendaji wa kijiji. Ukiona kitu cha chuma kinachofanana na kombora, usikiguse. Weka alama ukiwa mbali na uwaite polisi.